Kifua cha Dinah Katoo

Kwetu Kitengela, mtu akisema fulani ana kifua hazungumzii misuli. Anasema kwamba unaweza kumwambia neno leo, ukafa kesho, na neno hilo likazikwa pamoja nawe. Dinah Katoo alikuwa na kifua. Kwa miaka kumi na tisa watu walipanda ngazi za jengo letu, lile lenye duka la dawa za mifugo chini, wakaingia chumba cha pili kushoto na kumwaga mambo ambayo hata kwenye maombi walikuwa wakiyaruka. Kisha wakashuka, macho yamekauka. Hakuna aliyewahi kukutana na siri yake sokoni.

Mimi ni Odero. Nilikuwa karani wa mapokezi pale kwa miaka kumi na mmoja. Naandika haya kwa sababu mjini yanasimuliwa ovyo. Kuna wanaosema alirogwa na mchungaji fulani, na wengine wanasema alihongwa. Hakurogwa wala hakuhongwa. Na sehemu niliyofanya mimi haitajwi kabisa.

Alizaliwa Ilbissil, binti wa mzee wa ng'ombe wengi. Alisomea uuguzi, akafanya kazi Kajiado wakati ukimwi ulipokuwa ukivuna watu kama mahindi. Wenzake walikuwa wakigombania kutoingia kile kijichumba cha kutolea majibu. Dinah aliingia. Alimwambia mtu jibu lake huku akimtazama usoni, kisha akaketi naye mpaka mtu huyo aweze kusimama mwenyewe. Hapo ndipo alipoupenda ushauri nasaha. Akausomea Nairobi wikendi baada ya wikendi, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakipanga harusi za watoto wao. Yeye hakujaliwa mtoto. Mumewe alioa mwingine mapema, naye Dinah hakumlaani mbele ya mtu.

Kilichomtofautisha na washauri wengine ni kwamba hakuandika kitu mteja akiwa mbele yake. Yote aliyaweka kichwani. Kuna mama mmoja wa Isinya aliyerudi baada ya miaka minne, na kabla hajaketi Dinah akamuuliza, "Na yule mbuzi wako wa pembe moja, aliishia wapi?" Yule mama alilia akiwa bado amesimama.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, alianza kuniuliza maswali mara mbili, halafu mara tatu. Mteja wa saa nne amefika? Nikimjibu anashukuru, anaingia chumbani, anatoka, na kuuliza tena. Nilidhani ni uchovu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa akiona watu saba kwa siku. Siku moja akaniinamia mezani na kusema kwa sauti ya chini, "Odero, uwe unaniandikia kakadi kadogo. Jina, kazi yake, na shida yake. Maneno machache tu."

Nikaanza kumwandikia. Kila asubuhi nilipanga kadi zake kwa utaratibu wa saa, nikafurahi kuwa wa maana kiasi hicho. Wakati mwingine alitoka katikati ya kikao, akafunga mlango nyuma yake na kuninong'oneza, "Huyu niko naye ni nani?" Akacheka, nami nikacheka. Nikamwambia. Akarudi ndani, na kupitia ule ukuta wa mbao nikasikia sauti yake, ile sauti tuliyoizoea, ikisema, "Haya mama, turudi nyuma kidogo. Niambie tena kutoka mwanzo." Wateja waliona huo ni ujuzi.

Mwezi wa Machi mama mmoja alitoka chumba cha pili. Akasimama katikati ya sebule ya kungojea, akatuangalia kana kwamba sisi ndio tuliomkosea. "Amenipa pole ya kufiwa na mume," akasema. "Ameomba na mimi. Bwanangu yuko pale chini kwa pikipiki, ananingoja."

Aliyemsikia vizuri ni Kavata, mshauri wa chumba cha kwanza. Kavata alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na kazi yote aliyoijua alifundishwa na Dinah, ambaye alimwita Mum. Alimtuliza yule mama, akamsindikiza mpaka chini, kisha akanishika mkono na kunivuta hadi ofisi ya Kinyanjui.

Kinyanjui ndiye mwenye kituo. Zamani alikuwa mwalimu, mtu mwenye tabasamu la kila saa, na ukutani kwake alitundika picha kubwa ya Dinah akiwa ameshika cheti. Kavata hakuketi.

"Bosi, Mum ni mgonjwa. Si uchovu. Anachanganya watu. Lazima aache kuona wateja leo, aende hospitali, na sisi tuiambie bodi ya washauri."

"Pole pole," akasema Kinyanjui. "Ni kusahau tu. Mimi jana nimeweka simu ndani ya friji."

"Wewe hukai na siri za watu mia mbili. Daktari wa upasuaji mkono ukianza kumtetemeka, hatusemi ni baridi."

"Na wateja tuwaambie nini? Watu hawapandi ngazi hizi kwa sababu yangu, wala yako, Kavata." Kisha akanigeukia. "Odero, wewe unashinda naye. Anaiweza kazi ama haiwezi?"

Nilikuwa na nafasi. Kavata alinitazama. Nikafikiria zile kadi, nikafikiria Dinah akishushwa ngazi kama mwizi, nikasema, "Anaiweza. Mimi namsaidia na kadi."

"Basi," akasema Kinyanjui.

Kavata hakukata tamaa. Saa ya chakula aliingia chumba cha pili na kuacha mlango wazi, nadhani alitaka niwe shahidi. Akapiga magoti kando ya kiti cha Dinah kama anayesalimia mama mkwe.

"Mum, ulinifunza mwenyewe. Ulisema mshauri akiumwa, wa kwanza kujua ni mwenzake, na mwenzake akinyamaza amekuwa adui. Nakuomba twende hospitali, mimi na wewe."

Dinah aliweka kijiko chini. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwake. Ulikuwa mwembamba, wenye ncha. "Nilikutoa wapi, Kavata? Ulikuja hapa hujui hata kuketi mbele ya mtu anayelia. Leo ndiwe wa kunipima?"

"Sikupimi, Mum."

"Mtu aliyemwacha mamake afe peke yake huko Mutomo kwa sababu alikuwa na mtihani. Ukasikia anakuita kwa simu, ukazima. Wewe ndiwe utanifunza huruma?"

Sikujua jambo hilo. Hakuna aliyelijua. Kavata alimwambia Dinah miaka sita nyuma, katika vikao ambavyo kila mwanafunzi wa ushauri hupitia kabla hajaruhusiwa kuwasikiliza wengine. Alibaki amepiga magoti kwa muda, mikono imelala mapajani. Kisha akainuka, akapita mezani kwangu bila kunitazama, akaingia chumba chake. Hakulitaja tena jambo la Dinah kwa miezi minne. Dinah naye, saa tisa siku ile ile, alimpelekea chai na kumuuliza mbona macho yake mekundu, ni homa?

Yule Dinah wa zamani angejikata ulimi kabla ya kusema maneno yale. Mimi niliona hilo, nikaona pia kwamba ndiyo dalili kubwa kuliko zote. Nikaendelea kuandika kadi.

Sasa niwaambie habari za Makena. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke wa Meru aliyeolewa hapa, na mzigo wake aliuleta kwa Dinah muda mrefu kabla ya ugonjwa. Alipokuwa akijifunza ushonaji kule Embulbul, mwenye duka alifunga mlango siku moja wasichana wengine wakiwa wameenda nyumbani. Makena aliolewa na Hillary mwezi uliofuata. Binti yao Kendi alizaliwa "mapema", na Hillary alimpenda yule mtoto kuliko macho yake. Makena hakumwambia mtu yeyote. Alimwambia Dinah tu, na kwa miaka mitatu siri ile ilikaa mahali salama.

Hillary alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mwezi wa Julai aligonga mwenye pikipiki karibu na Isinya, mtu yule akafia mikononi mwake. Usingizi ukamhama. Makena ndiye aliyemsihi aje kwetu. "Nenda kwa Madam Dinah," alimwambia. "Yule ni mtu wa kuaminika."

Asubuhi ile niliandika kadi: *Hillary. Dereva. Ajali, hapati usingizi.* Nikaona pamebaki nafasi. Nikaona ni vizuri Madam ajue anaongea na nani, asije akaaibika. Nikaongeza chini: *Mume wa Makena, mama Kendi.*

Kazi ya karani kwenye kuta za mbao ni kujizoeza kutosikia. Siku hiyo nilisikia. Dakika ishirini za kwanza Hillary aliongea juu ya ajali, kwa taabu, akikohoa. Akamaliza. Nadhani ndipo Dinah alipoiangalia kadi. Kisha sauti yake ikaja, ya upole kabisa.

"Hillary, mimi nakuheshimu. Si wanaume wengi. Kulea mtoto ukijua si damu yako, na usimwinulie mama yake mkono hata siku moja. Hiyo ni roho kubwa."

"Mtoto gani?"

"Kendi."

"Kendi ako na nini?"

Nilisimama. Nilifika mpaka mlangoni, nikashika kitasa. Mtu haingilii kikao. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofunzwa pale, na aliyenifunza ni Dinah. Ndani, Dinah alidhani mwanamume anaona haya, akamsaidia. Akamweleza yote: duka la Embulbul, mlango uliofungwa, Makena alivyorudi nyumbani kwa miguu. Aliyaeleza kwa huruma nyingi, bila kukosea hata neno. Yale ya zamani yalikuwa bado yamesimama kichwani mwake yote, safi kama vyombo kabatini. Alichopoteza ni kujua nani ameambiwa na nani hajaambiwa.

Hillary alitoka. Alisimama mbele ya meza yangu, funguo za lori mkononi.

"Hii mambo iko kwa faili?"

"Mambo gani?" nikasema.

"Nyinyi wote mlijua," akasema, akashuka.

Nambari ya Makena ilikuwa kwenye daftari, chini ya kiwiko changu. Simu ilikuwa kando yake. Niliketi. Nilijiambia karani haingilii ndoa za watu. Mteja wa saa tano akafika, nikampa kadi yake Madam.

Kavata alikuwa Kajiado siku hiyo, kwenye shule aliyokuwa akiitembelea kila wiki. Aliporudi saa nane nilimwambia. Alinipokonya daftari, akapiga. Simu ya Makena ilikuwa imezimwa. Akashuka ngazi mbio, akapanda pikipiki hadi kwao. Alikuta mlango una kufuli, cherehani imetupwa uani, na majirani wamesimama wakiangalia viatu vya mtoto vilivyotawanyika. Wakamwambia mama na mtoto wamepelekwa hospitali na mwenye nyumba.

Hillary aliyasikia yote aliyoambiwa, lakini alichukua nusu. Mlango uliofungwa hakuusikia. Alisikia mwanamume mwingine tu.

Baada ya siku nane Makena alipanda ngazi zetu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, na jicho moja lilikuwa bado na rangi ya zabibu. Kendi, mwenye miaka saba, alikuwa ameshika sketi yake. Sikuwa nimeandika kadi, kwa sababu hakuwa kwenye orodha ya siku hiyo. Dinah alikuwa akitoka chumbani mwake, akawaona, akafungua mikono kama alivyowafungulia watu wote.

"Takwenya, mama. Karibu, karibu. Ni mara yako ya kwanza kwetu?"

Makena hakuitika salamu. "Madam. Ni mimi."

"Karibu sana. Jina lako nani?"

"Nilikukosea nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie tu nilikukosea nini. Miaka mitatu nimekuja hapa. Nilikukosea wapi ndio unifanyie hivi?"

Dinah aligeuka akanitazama. Nililijua jicho lile. Alikuwa akingoja kadi. Sikuwa na cha kumpa. Basi akatabasamu, akafanya alichokifanya kila alipopotea: akamgeukia mtoto. Akainama, akamshika Kendi kidevu.

"Na huyu mrembo! Amefanana na baba yake, sindio?"

"Mimi sina baba," Kendi akasema. "Amesema mimi ni wa fundi wa Embulbul."

Makena alipiga kelele mara moja tu. "Usijifanye hunijui! Usinifanyie hiyo!" Dinah akarudi nyuma, amejikunyata ukutani, mikono kifuani, akiniuliza mimi, "Odero, huyu mama ana shida gani? Nani amempiga?" Na swali lilikuwa la kweli. Hilo ndilo Makena hakuweza kuliamini, na sidhani ameliamini mpaka leo. Aliona mwanamke mzee anamchezea mchezo juu ya mwili wake uliovunjika.

Kavata alikaa na Makena kwenye ngazi mpaka saa kumi. Kisha akaingia chumbani kwake akaandika barua kwa bodi inayosimamia washauri, akaisoma mbele yangu na mbele ya Kinyanjui. Jioni hiyo hiyo ile picha ya Dinah haikuwa tena ukutani. Palibaki misumari miwili.

Bodi ilitusikiliza mwezi wa Septemba, katika ukumbi mdogo wa kukodi Kajiado mjini. Walikuwa watatu mezani, na mkubwa wao aliitwa Mwololo, mzee mkavu aliyeandika kila neno kwa kalamu ya risasi. Dinah alivaa suti yake ya bluu na shanga za mamake. Alikuwa katika siku nzuri. Alisalimia kila mtu kwa jina, akaniuliza hali ya mke wangu.

Mwololo alimwambia angempa maneno matatu ayashike: ng'ombe, mlango, chumvi. Dinah akacheka.

"Najua jaribio hilo. Nimewafanyia wazee wengi kabla wewe hujaota mvi."

"Basi utaniwia radhi," akasema Mwololo.

Wakaongea mambo mengine, shule yake, kazi yake Kajiado. Aliongea vizuri hata mmoja wa wale watatu akaanza kuonyesha shaka kama kweli ni mgonjwa. Kisha Mwololo akaomba yale maneno.

"Maneno gani?"

"Matatu niliyokupa."

Dinah alitazama dari, akatazama shanga zake, kisha akamtazama Kavata kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwa jirani. Kavata aliinamisha kichwa.

"Ng'ombe," Dinah akasema. Akangoja. Midomo ikacheza. "Ng'ombe walikufa wote."

Walimwomba kitambulisho cha kuandika kwenye fomu. Akafungua mkoba, akatoa karatasi moja baada ya nyingine, na mojawapo ilikuwa barua ya daktari wa Nairobi, imekunjwa mara nne, mikunjo imechakaa. Mwololo aliisoma. Ilisema ubongo wake ulikuwa umeanza kunyauka, kwamba ugonjwa huo haurudi nyuma, na kwamba asiendelee na kazi ya kushauri watu. Ilikuwa ya miezi kumi na minne nyuma.

"Ulijua," akasema Mwololo.

"Siku zingine nilijua," Dinah akajibu.

"Na ukaendelea."

"Ningeacha, ningerudi nyumbani kuwa nani?" Akauliza hivyo kwa udadisi, kama mtu anayetaka kweli kuambiwa.

Mwololo aliweka barua kando, akamgeukia Kavata. "Wewe ulitambua lini?"

"Machi."

"Huyu Makena alivunjwa mkono lini?"

"Julai."

Aliandika. Kinyanjui aliulizwa pia, akasimama na kufunga vifungo vya koti. Alisema hakuwahi kuambiwa lolote, kwamba angejua angechukua hatua siku hiyo hiyo, na kwamba anaumia kama mzazi. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilisema ukweli, kwamba tulisimama wote watatu ofisini kwake mwezi wa Machi, na kwamba mimi ndiye niliyesema anaiweza. Nikasema habari za kadi. Nikasema nilichoandika kwenye ile ya Hillary. Mwololo aliacha kuandika, akavua miwani, na hilo ndilo jambo pekee alilolifanya.

Dinah alifutiwa leseni. Kavata alisimamishwa miezi sita kwa kunyamaza, yeye aliyekuwa wa kwanza kusema. Kinyanjui alipewa onyo, na sasa ana kituo kingine Ngong, chenye jina jipya na picha mpya ukutani.

Bodi iliamuru kila mteja aliyemwona Dinah katika miezi ile kumi na minne aambiwe. Kazi ya kuwapigia ilikuwa yangu ya mwisho pale. Walikuwa watu themanini na watatu. Nilisoma maneno niliyoandikiwa: kwamba mshauri wao alikuwa mgonjwa, kwamba huenda faragha yao imeguswa, kwamba wanaweza kuonwa na mshauri mwingine. Wachache walinishukuru. Wengi waliuliza swali moja kwa sauti tofauti tofauti: "Yale niliyomwambia yako wapi sasa?" Mwanamume mmoja, mtu mzima, alinilia kwenye simu kama mtoto. Yalikuwa kichwani mwa Dinah, kwenye nyumba ya kupanga nyuma ya soko, na mlango haukuwa na mlinzi.

Ndipo mji ukaonyesha roho yake. Mwanzoni walimtemea mate. Mama mmoja alimmwagia maji ya kuoshea samaki mbele ya kibanda chake, na Dinah akashukuru akidhani ni mvua. Baadaye wakagundua kitu kitamu zaidi ya kutukana. Wakagundua kwamba ukimkalisha Dinah kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, ukampa soda baridi na kumtajia jina, anasema. Si kila mara. Lakini ukipatia saa nzuri, alikupa yote, kwa ile sauti ya upole, na pole juu yake.

Kavata alinipigia simu siku moja adhuhuri, nikamkuta amesimama ng'ambo ya barabara. Watu wapatao kumi walikuwa wamemzunguka Dinah. Mwanamume mwenye mahindi ya kuchoma mkononi alikuwa akisema, "Kokoo, nyanya yetu, na mke wa pasta je? Alikuja kulia nini?" Wanawake wakajifunika vinywa kwa kicheko kabla hata hajajibu. Dinah alikunywa funda, akaanza, "Yule ameumia sana, yule mama..." Miongoni mwa waliokuwa wakicheka niliwatambua wawili niliowapigia simu. Walikuwa wamekuja kusikia ya wenzao.

Kavata alivuka. Hakumpigia mtu kelele. Alimwinua Dinah kwa mkono, soda ikamwagika, yule mwenye mahindi akasema, "Si umwache mzee aongee?" Kavata akasimama mbele yake. "Mimi naitwa Kavata," akasema. "Nilimzimia mamangu simu akifa. Basi, hiyo moja umepata bure. Enda nayo nyumbani." Watu wakatawanyika taratibu, wakinung'unika, kama waliokatiwa mchezo wa mpira.

Tulimpeleka Ilbissil wiki hiyo, nyumbani kwa marehemu kaka yake, ambako sasa anatunzwa na wifi yake Kakenya. Kakenya ni mjane mwenye mbuzi wachache na mgongo mbovu. Alimpokea kwa sababu hapakuwa na mwingine. Hampigi. Humsemesha kama mtu anayemsemesha punda mkaidi, na lango hulifunga kwa mnyororo, kwa sababu mara mbili Dinah alikutwa kwenye barabara kuu ya Namanga akiwa amebeba mkoba, anaenda kazini.

Makena aliondoka na mtoto akaenda Entarara, kwa dada yake mwenye shamba la vitunguu. Mkono uliunga vibaya. Sindano haishiki tena. Kesi ya Hillary ya kumpiga inaahirishwa kila mara. Kavata alisafiri mpaka kule kumwomba msamaha. Makena alimletea maji ya kunywa langoni, kwa kuwa mgeni hanyimwi maji, akamngoja amalize, akachukua kikombe. "Machi," akasema. "Walisema ulijua tangu Machi." Akarudi shambani. Nyuma ya vitunguu Kendi aliuliza ni nani huyo, na mama yake akajibu ni mtu amepotea njia.

Kavata amerudi kazini sasa, kwenye chumba kingine, na mshauri mwingine huketi naye kila mwezi kumkagua, jambo aliloliomba mwenyewe. Mimi nauza simu kuukuu. Jumamosi za mwisho wa mwezi twaenda Ilbissil pamoja.

Mwezi wa Februari tulimkuta Dinah ameketi kwenye kigoda. Kiswahili kilikuwa kimeshamtoka, Kiingereza kilitangulia. Amebaki na Kimaasai, na hicho nacho vipande. Kavata alichemsha maji, akayapoza, akaanza kumwosha miguu iliyokuwa imepasuka visigino. Dinah alimtazama kwa makini kwa muda mrefu. Kisha akamzaba kofi, kwa nguvu, kiganja kizima shavuni, na kusema neno ambalo Kakenya hakutaka kututafsiria.

Kavata akauacha mguu ule, akaushika wa pili.

"Mtakaa naye mpaka saa ngapi?" Kakenya akauliza, mtungi tayari mgongoni. "Nataka niende kuteka maji." Hakungoja tujibu. Alitoka, akavuta lango, na tukasikia mnyororo ukifungwa kwa nje.